Maswali Yenu: Semina za Kupambana na Ugaidi Ng'ambo

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja. Walioalikwa semina za usalama ng'ambo wanauliza kama waende, na waliorudi wanauliza wafanyie nini walichokiona. Tumeanza na wa kwanza.

Mimi ni mkuu wa ulinzi katika hoteli ya vyumba 180. Nimealikwa semina ya siku kumi ng'ambo. Kipeperushi kinaahidi mafunzo ya kikosi maalumu, ziara ya mpakani na cheti cha kimataifa. Mwajiri atalipa nusu ya gharama. Nitajuaje kama ina maana?

Omba ratiba ya saa kwa saa. Hesabu saa za mihadhara, saa za matembezi, saa ambazo washiriki wenyewe wanafanya zoezi, na saa za kuchambua tukio lililowahi kutokea. Zoezi na uchambuzi zikiwa chini ya theluthi moja ya ratiba, hiyo ni ziara ya kitalii. Siku nzima kwenye uwanja wa kulenga shabaha ni siku iliyopotea kwa mtu wa hoteli. Kazi yako ni lango, foleni, funguo, redio za upepo na wapishi wasiojua watokee mlango gani moshi ukijaa ukumbini.

Uliza pia nani anafadhili. Mfadhili akiwa ndiye muuzaji wa mashine za ukaguzi, kila tatizo utakaloleta darasani litapewa jibu la mashine. Wawezeshaji nao waulizie kazi waliyofanya, si cheo walichostaafu nacho. Aliyewahi kuendesha chumba cha udhibiti cha uwanja wa mpira atakufaa kuliko komando mwenye nishani.

Kuhusu cheti: karatasi ya kuhudhuria si sifa ya kitaaluma. Vyeti kama CPP na PSP vya ASIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa ulinzi, vinadai uzoefu wa kazi uliothibitishwa na mtihani. Huwezi kuvipata kwa kukaa kitini siku kumi.

Kwa watumishi wa serikali ipo milango ambayo haiuzwi. Kituo cha George C. Marshall kilichoko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, kina programu ya masomo ya ugaidi na usalama. Taasisi ya kimataifa ya haki na utawala wa sheria iliyoko Malta, iliyoanzishwa 2014, huwakutanisha majaji, waendesha mashtaka na wapelelezi. Marekani ina vyuo vya kimataifa vya kufundisha polisi na wasimamizi wengine wa sheria (ILEA), kimojawapo Gaborone, Botswana, na mpango wake wa kusaidia nchi nyingine dhidi ya ugaidi ulianza 1983. Huko huendi kwa kulipa ada. Unapendekezwa na ofisi yako, na kwa mafunzo yanayolipiwa na Marekani majina huchujwa chini ya sheria za Leahy ili kuona kama mtu au kikosi chake kina rekodi ya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Uchujaji huo huchukua muda. Ofisi ikipeleka majina dakika za mwisho, nafasi inapotea bila mtu kukataliwa.

Nimeteuliwa, naondoka baada ya wiki sita. Nijiandae vipi?

Nenda na tatizo lako, na uende nalo likiwa limepimwa. Mtu anayesema "langoni kwetu kuna msongamano" atapewa ushauri wa jumla. Anayesema "mlinzi mmoja hukagua begi kwa sekunde 30, nina njia mbili, na watu 900 hufika ndani ya saa moja" atasaidiwa kwelikweli.

Chukua saa ya kuhesabia sekunde, simama langoni, pima watu 50 mfululizo. Sekunde 30 kwa mtu ni watu 120 kwa saa kwa kila njia. Njia mbili zinapitisha 240. Waliobaki, zaidi ya 600, wanasimama nje wamebanana, na hapo ukaguzi uliowekwa kuwalinda umewageuza kuwa shabaha. Ukishaijua hesabu hiyo, swali lako darasani linabadilika. Huulizi tena "mashine gani nzuri?" Unauliza namna ya kupunguza mabegi yanayofika, kufungua milango mapema, kutenganisha wenye mabegi na wasio nayo, na kuipeleka foleni mahali ambapo gari haliwezi kufika.

Pima vilevile dakika kutoka simu ya dharura hadi askari wa kwanza kufika, sekunde za kufunga lango kuu, na idadi ya walinzi wa usiku wanaojua kitufe cha tahadhari kilipo. Hiyo ya mwisho iulize papo hapo zamuni, bila taarifa.

Lakini usisafiri na ramani halisi ya jengo, majina ya walinzi wala ratiba ya zamu. Chora mchoro wa jumla usio na jina la mahali. Simu na kompyuta ziwe zimesafishwa: semina kama hizi zinakusanya chumba kimoja watu ambao taarifa zao zinatamaniwa na wengi. Semina nyingi hufuata kanuni ya Chatham House, ya tangu 1927. Unaruhusiwa kutumia uliyoyasikia, huruhusiwi kufichua nani kasema wala anatoka wapi. Ukirudi na ripoti yenye jina la afisa wa nchi nyingine na siri aliyoitoa, umemponza aliyekuamini.

Tulipelekwa kuona uwanja wa ndege wa Ben Gurion, Israeli. Wahojaji wanaongea na abiria mmoja mmoja, nami nimeanza kuwafundisha walinzi wangu wa kituo cha biashara wafanye hivyo. Wateja wanalalamika na hatujakamata mtu. Tunakosea wapi?

Mmechukua tawi mkaacha mti. Pale ukaguzi huanza barabarani, kabla gari halijafika kwenye jengo, na unaendelea kwa tabaka hadi mlango wa ndege. Mhojaji ni tabaka moja tu. Ana tiketi na pasipoti mkononi, ana safari ya kuuliza habari zake, na ana mamlaka ya kuichelewesha. Mlinzi wako anakabiliwa na mtu aliyekuja kununua viatu. Hana cha kulinganisha na majibu yake, na wala sheria haimpi nguvu ya kumshikilia.

Jihadhari pia na tafsiri ya "kumjua mtu kwa kumtazama". Uwanja huohuo, ukiitwa Lod, ulishambuliwa tarehe 30 Mei 1972 na watu 26 wakauawa. Washambuliaji walikuwa Wajapani watatu walioshuka kwenye ndege kama abiria wengine, silaha zikiwa kwenye mizigo. Hawakufanana na mtu yeyote aliyekuwa akitazamiwa. Mlinzi anayefundishwa kutazama kabila, dini au mavazi huwaudhi watu mia wasio na hatia, na anayepaswa kuonekana anampita.

Kinachosafirika ni tabia ya kugundua lisilo la kawaida mahali pale, na njia ya kulifikisha kwa mwenye kuamua. Mfundishe mlinzi kwanza hali ya kawaida: saa nane mchana watu hukaa wapi, huangalia nini, hubeba nini. Halafu aone kinachotoka nje ya hapo. Mtu anapiga picha kamera na milango badala ya bidhaa. Mwingine anarudi siku tatu kwenye ngazi ileile bila kununua kitu, au amevaa koti zito juani na hataki kukaguliwa. Hatua inayofuata ni salamu. "Habari, naweza kukusaidia?" Mteja aliyepotea njia hufurahi. Aliyekuja kupeleleza hujua ameonekana, na mara nyingi huondoka. Salamu hiyo haihitaji sheria mpya wala haimvunjii mtu heshima.

Sasa njia ya taarifa, na hapa tunaomba msome taratibu. Tarehe 22 Mei 2017, saa 4:31 usiku, mlipuaji aliua watu 22 kwenye ukumbi wa Manchester Arena, Uingereza, wakati watu wakitoka kwenye tamasha. Uchunguzi ulioongozwa na Sir John Saunders ulionyesha kwamba kiasi cha robo saa kabla, mtu aliyekuja kumchukua mtoto alimtilia shaka mtu yule mwenye begi kubwa, akamwambia mhudumu wa usalama. Mhudumu huyo hakuwa na redio. Alimwambia mwenzake mwenye redio, naye alijaribu kuita chumba cha udhibiti, hakupata nafasi hewani, akaendelea na shughuli nyingine. Isitoshe, sehemu aliyojificha mtu yule kamera hazikuiona. Macho ya raia yalifanya kazi. Kilichokatika ni hatua mbili baada yake.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha mahojiano, fanya jaribio hili: mpe mlinzi wa mbali kabisa taarifa ya uongo ya kutilia shaka, kisha pima sekunde hadi mwenye mamlaka ya kufunga mlango aisikie. Zikizidi 60, shughulikia hilo kwanza.

Wenzangu wawili walisoma semina tofauti, sasa wanabishana kuhusu begi lililoachwa. Mmoja anasema tuondoe watu jengo zima kila mara, mwingine anasema tuulize kwanza. Nani yuko sahihi?

Wa pili, mradi maswali yawe matatu na yachukue dakika moja. Je, limefichwa makusudi? Je, lina dalili za wazi, kama nyaya, betri, utepe wa gundi uliozungushwa ovyo, au kimiminika? Je, ni kitu cha kawaida mahali pale? Begi la shule chini ya kiti cha kituo cha basi ni kitu kilichosahauliwa hadi ithibitike vinginevyo. Begi lililosukumwa nyuma ya bomba la gesi ni jambo jingine. Uliza waliokaribu, rudisha picha za kamera uone nani kaliacha. Usiliguse, usilisogeze, usilimwagie maji.

Mkishaamua ni la kutiliwa shaka, waondoeni watu. Umbali unaofundishwa Uingereza ni rahisi kukumbuka: angalau mita 100 kwa begi dogo, 200 kwa sanduku kubwa au gari dogo, 400 kwa lori. Hizo ni za kuanzia. Watu wakae nyuma ya kitu kigumu, mbali na vioo, mahali ambapo hawalioni begi. Redio na simu zisitumike ndani ya mita 15 kutoka kwenye begi. Ondokeni kwanza ndipo mpige simu. Eneo la kukusanyikia likaguliwe kabla watu hawajafika, na msitumie lilelile kila zoezi, kwa sababu anayewachunguza analiona pia.

Kuwaondoa watu jengo zima kwa kila begi kuna madhara yake. Mara ya sita wafanyakazi hawatoki tena.

Na jambo la vioo lifundisheni kwa nguvu. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, kulitokea mlio wa kwanza kabla ya bomu kubwa kulipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani. Watu wa majengo ya jirani walikwenda madirishani kuangalia. Wengi walijeruhiwa macho kwa vioo, na wapo waliopofuka. Mfanyakazi akumbuke jambo moja: akisikia mlio, ageukie upande wa ndani wa jengo, achuchumae mbali na dirisha. Karatasi ya kinga iliyobandikwa kwenye kioo haizuii kisivunjike. Inashika vipande visiruke, hasa ikiwa imefungwa vizuri kwenye fremu, nayo fremu imeshikwa vizuri ukutani.

Semina ilituonyesha nguzo za kuzuia magari. Bajeti yetu haitoshi. Je, vyungu vikubwa vya maua vitafaa?

Vya mapambo, hapana. Chungu kisichoungwa ardhini kinasukumwa na gari na kuwa kitu kingine cha kuumiza watu. Mjini Nice, tarehe 14 Julai 2016, lori la tani 19 liliua watu 86. Nguzo halali hupimwa kwa gari la uzito fulani, kwa mwendo fulani, na matokeo huandika gari limepenya mita ngapi. Kiwango kinachotumika sasa ni ISO 22343 cha 2023. Usikubali "inahimili lori". Dai karatasi yenye namba hizo tatu. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi mita 1.2. Kiti cha magurudumu kitapita, gari halitapita.

Bajeti ikiwa ndogo, nunua mwendo kabla ya chuma. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 64 kwa saa likilazimishwa kuja kwa 32, nguvu yake inabaki robo. Kona mbili za lazima kwenye njia ya kuingilia, zilizotengenezwa kwa kuta fupi imara, zinakuwezesha kutumia nguzo za daraja la chini. Kona hizo ziwe pana kutosha gari la zima moto. Hilo husahaulika sana, na hugunduliwa siku ya moto.

Mimi ni muuguzi. Semina za ugaidi naona ni za polisi na wanajeshi. Zinanihusu?

Zinakuhusu kuliko wengi waliomo. Jeraha la mshipa mkubwa linaweza kuua kwa dakika tatu hadi tano, na gari la wagonjwa halifiki kwa muda huo. Boston, tarehe 15 Aprili 2013, mabomu mawili yaliua watatu na kujeruhi zaidi ya 260. Wote waliofikishwa hospitali wakiwa hai waliokoka. Wahudumu walikuwa tayari pale kwa sababu ya mbio, waliokuwa karibu walikaza viungo vinavyovuja damu, na majeruhi waligawanywa hospitali mbalimbali badala ya kurundikwa moja. Manchester ilikuwa kinyume: zima moto walifika eneo la tukio baada ya zaidi ya saa mbili, na kwa dakika 40 za mwanzo kulikuwa na mhudumu mmoja tu wa gari la wagonjwa ndani ya chumba chenye majeruhi. Zima moto na wahudumu wengi wa magari ya wagonjwa walikuwa wakisubiri uhakika kwamba pako salama.

Kwa hiyo semina ikigusa mgawanyo wa maeneo, kaa mbele. Eneo la hatari ya moja kwa moja ni la askari. Eneo la katikati, ambalo hatari imepungua lakini haijaisha, ndipo wahudumu wachache waliofundishwa huingia wakilindwa. Eneo salama ndipo majeruhi hupangwa kwa uzito wa jeraha. Ugomvi wote uko eneo la katikati: nani anatamka kwamba sasa paingiwe? Ukirudi, hakikisha jibu ni jina la cheo, si "tutakubaliana".

Wafundishe walinzi, wapishi na madereva kukaza turniketi, yaani mkanda wa kubana mkono au mguu ili damu isivuje. Ikae sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isikae kwenye goti wala kiwiko, izungushwe hadi damu ikome kabisa, muda uandikwe kwa kalamu ya wino mzito, isilegezwe hadi hospitali. Itauma sana, na wengi huacha kukaza hapo. Ikikazwa nusu huzuia damu isirudi huku inayotoka moyoni ikiendelea kupita, hivyo jeraha huvuja zaidi. Mkanda wa suruali mara nyingi huishia hivyo. Kinenani na kwapani turniketi haishiki. Shindilia shashi ndani ya jeraha na ukandamize kwa uzito wa mwili, dakika kumi bila kuchungulia kama shashi ni ya kawaida.

Mwezeshaji alitusifia mbinu za kuhoji watuhumiwa ambazo kwetu haziruhusiwi. Anasema zinaleta matokeo.

Ziache hukohuko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso wa 1984, kifungu cha 15, unakataza maneno yaliyopatikana kwa mateso kutumika kama ushahidi, isipokuwa dhidi ya anayeshtakiwa kwa kutesa. Kesi yako itaanguka. Na anayeumizwa husema lolote litakalosimamisha maumivu, nanyi mtatumia siku kulifuatilia. Ukiona mada kama hiyo kwenye ratiba, uliza kabla hujapanda ndege.

Nimerudi miezi miwili sasa. Ripoti yangu ya kurasa 40 iko kabatini kwa mkurugenzi. Nifanyeje?

Iache hapo kabatini. Omba dakika 90 na watu wanane: mapokezi, zamu ya usiku, fundi umeme, msimamizi wa jikoni, msemaji wa kampuni, mtu wa rasilimali watu, wewe, na mkurugenzi mwenyewe. Fanyeni zoezi la mezani. Chapisha mpango wa sakafu, uweke mezani, na uwape tukio moja kwa sentensi mbili: saa 1:40 jioni, mlio wa risasi lango la nyuma, wageni 300 ukumbini.

Kisha waongezee taarifa tatu, kila baada ya dakika 15. Ya kwanza: mtandao wa simu umejaa. Ya pili: mwandishi wa habari anauliza idadi ya waliokufa. Ya tatu: polisi wamefika, wanataka funguo na picha za kamera. Usiwasaidie. Mtu mmoja aandike kila "nadhani" na kila "nani ana…?" inayotamkwa.

Tangazo la "fungeni milango" na la "tokeni nje" yasifanane sauti. Katika zoezi la kwanza utakuta kengele ni moja kwa yote mawili, na ni ileile ya moto, inayowatoa watu ukumbini kuelekea kwenye risasi. Utakuta namba za simu za dharura ni za mtu aliyeacha kazi, na ufunguo wa chumba cha kamera uko kwa mtu mmoja anayeishi mbali. Orodha hiyo, yenye jina na tarehe mbele ya kila kasoro, mkurugenzi ataisaini kabla hamjatoka chumbani, kwa sababu ameziona mwenyewe. Zoezi la pili lifanyike baada ya siku 30, tukio lilelile, zamu ya usiku peke yake.